Sura ya Tano: Anayeijua Kona

Mojawapo ya hadithi za mbio za magari zilizopendwa sana kutoka Japani ilianza na kazi ya kusambaza chakula. Mwaka 1995 mchoraji Shuichi Shigeno alianza kuchapisha katuni iitwayo Initial D katika jarida la Young Magazine; ikaendelea hadi 2013, na tangu 1998 ikaoneshwa pia kama anime, yaani katuni ya kutazamwa kwenye runinga. Kijana wa hadithi hiyo, Takumi Fujiwara, anasoma sekondari, na baba yake ana duka la tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa yakawa laini kama jibini bichi. Kabla ya mapambazuko kijana anapakia mzigo, anapanda nao mlima hadi kwenye hoteli iliyo juu, kisha anashuka na gari tupu kabla watu hawajaamka. Tofu humomonyoka upesi, kwa hiyo baba yake humwekea kikombe cha maji ndani ya gari na sharti moja: maji yasimwagike. Amefanya hivyo miaka mingi, tangu hajafikia umri wa leseni. Gari lenyewe ni Toyota Sprinter Trueno, ile inayojulikana kwa namba ya AE86, iliyotoka kiwandani kati ya 1983 na 1987, kwa hiyo hadithi inapoanza limeshachoka. Mlima unaoitwa Akina katika katuni umechorwa kwa kuufuata mlima halisi wa Haruna, katika mkoa wa Gunma. Vijana wa mbali wanaleta magari mapya yenye nguvu kubwa zaidi, na kwenye mteremko wanapitwa na gari la kupelekea tofu.

Msomaji wa Milima ya Usambara hahitaji maelezo marefu kuhusu kikombe hicho. Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ina urefu wa kilomita zaidi ya 30, na katika umbali huo inamwinua mtu karibu mita 1,000, kutoka joto la tambarare hadi baridi ya sweta, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Ukiiacha lami ukaingia ndani kuelekea Bumbuli, au ukaja kwa upande wa Korogwe kupanda Bungu, udongo unakuwa mwekundu, na wakati wa masika njia ya jana si njia ya leo. Humo ndimo zinamopita nyanya, kabichi, karoti, viazi na pilipili hoho zinazokwenda kuliwa Tanga na Dar es Salaam. Tenga la nyanya lina tabia ileile ya tofu. Dereva akikata kona vibaya huku juu, hasara inaonekana kesho yake sokoni, pale tenga linapofunguliwa na nyanya za chini zimeshakuwa rojo. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba hadithi hizi za Kijapani, za mbio na hata zile za maroboti makubwa, kiini chake ni ujuzi unaozaliwa na njia moja iliyopitwa mara nyingi. Ujuzi huo Afrika Mashariki iliuonesha ulimwengu mapema, na Wajapani walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wasikivu zaidi. Lakini njia zetu zilipohamia kwenye kioo cha gemu, watu waliachwa nje.

Ushahidi wa kwanza ni Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa yakifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakafika 7 tena. Viwanda vya Ulaya vilileta madereva wao mashuhuri, watu waliokwisha kushinda kwenye theluji ya Sweden na milima ya Monte Carlo, na mwaka baada ya mwaka walirudi mikono mitupu. Hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda na Ford Escort, hakuna dereva wa kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kushinda Safari. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini, maana halielezeki kwa mashine. Magari yalikuwa yaleyale, na mara nyingi ya wageni yalikuwa bora zaidi. Mwaka 1965 Joginder Singh, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mwaka 1974 akashinda tena, safari hii na Mitsubishi Lancer ndogo, na aliyemfuata nyuma alikuwa Björn Waldegård ndani ya Porsche 911. Ukimsimulia mpenzi wa Initial D tukio hilo bila kutaja majina, atadhani unamsimulia kipande cha katuni: gari dogo la Kijapani, dereva anayeijua ardhi, na Porsche iliyoachwa nyuma.

Joginder alijua nini ambacho Waldegård hakukijua? Alijua kwamba tope jeusi la pamba linashika tairi tofauti na tope jekundu. Alijua kwamba mto mkavu asubuhi unaweza kuwa mto kweli saa kumi jioni kwa mvua iliyonyesha mahali usipopaona. Alijua mahali pa kuitunza gari na mahali pa kuikamua. Ujuzi wa namna hii hauhamishiki kirahisi kwa ramani, wala haununuliwi kwa injini kubwa. Unakaa mwilini mwa mtu, katika mguu unaojua ni lini uiachie breki. Dereva wa Fuso anayeshuka Mombo na kabichi anaujua kwa namna yake. Anaingia mteremko kwa gia nzito tangu juu, injini ibebe mzigo badala ya breki, kwa sababu breki zikipata moto katikati hakuna pa kuzipoza. Hilo halitoki kwenye kitabu cha mafunzo ya leseni. Linatoka kwa utingo aliyekaa kushoto miaka kadhaa akitazama, hadi siku alipoachiwa usukani.

Wajapani waliliona hili mapema na wakalichukulia kwa uzito. Nissan ilileta magari yake kwenye Safari mwaka 1963, wakati ambapo gari la Kijapani lilikuwa bado linadharauliwa sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1969 ilitoka filamu ya Kijapani kuhusu mashindano hayo, inayojulikana nje kwa jina la Safari 5000, iliyoongozwa na Koreyoshi Kurahara na kuchezwa na Yujiro Ishihara, nyota mkubwa wa sinema wa enzi hizo. Kwa hiyo kabla ya mtoto yeyote wa Kijapani kushika kitufe cha gemu ya video, tope la Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kuingia kwenye ndoto za nchi ile. Kisha ndoto zikawa kweli. Edgar Herrmann na Hans Schüller, wakazi wa huku huku Afrika Mashariki, walishinda kwa Datsun mwaka 1970 na 1971, mara ya pili wakiwa na 240Z. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, alishinda na 240Z mwaka 1973, halafu akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Toyota ikafuata, na mwaka 1993 ikachukua nafasi nne za kwanza zote. Mwaka 1995 mshindi alikuwa Mjapani mwenyewe, Yoshio Fujimoto. Sifa ya Datsun na Toyota kuwa gari lisilokufa, sifa ambayo leo wauzaji wa magari yaliyotumika wanaivuna kutoka bandarini Dar es Salaam hadi gereji za Mombo, ilijengwa kwa sehemu kubwa kwenye barabara hizi.

Gemu nazo hazikuchelewa. Mwaka 1979 kampuni ya SNK ya Japani ilitoa mchezo wa mashine za kutumbukiza sarafu uitwao Safari Rally. Haukuwa na mengi: njia za kuzungukazunguka, vidoti, na magari ya kukwepa. Kutoka mashindano yale makubwa walichukua jina tu, lakini kulichukua kunaonesha jinsi lilivyokuwa na uzito. Katikati ya miaka ya 1990 Sega ilitoa Sega Rally, ambamo hatua ya kwanza inaitwa jangwa na kando ya njia unaona wanyama wa mbugani. Mwaka 2000 Waingereza wa Codemasters waliiweka Kenya ndani ya Colin McRae Rally 2.0. Mwaka 2020 likatokea jambo la kushangaza zaidi: gemu ya WRC 9, inayofuata ubingwa wa dunia wa mbio hizi, ilitoka ikiwa na njia za Kenya, mwaka uleule ambao Safari, iliyokuwa irudi kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu 2002, ilifutwa kwa sababu ya korona. Mwaka huo, aliyetaka kuendesha Safari Rally ya ubingwa wa dunia alilazimika kuiendeshea sebuleni. Ilipofanyika kweli mwaka 2021, Toyota ilishinda, na dereva wa Kijapani, Takamoto Katsuta, akawa wa pili.

Kuna pingamizi zito hapa. Mtu atasema: hao unaowaita wenyeji waliokuwa wakishinda Safari walikuwa walowezi wa Kizungu na Waasia wenye uwezo, katika nchi ambazo Mwafrika aliyekuwa amesimama kando ya njia hakuwa na gari wala njia ya kulipata. Kuwafananisha na dereva wa nyanya wa Bungu ni kufunika dhuluma kwa maneno mazuri. Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu kubwa, na historia ya Safari isiandikwe bila kulitaja. Lakini halivunji hoja, linaikaza. Kama ushindi ungekuwa wa pesa peke yake, madereva wa viwanda vya Ulaya wangeshinda tangu mwanzo, maana pesa walikuwa nazo kuliko mtu yeyote wa Nairobi. Joginder mwenyewe alizaliwa Kericho na alianza kama fundi makenika. Na Mwafrika alipopata usukani, mambo yalikuwa yaleyale. Mwaka 1993 Subaru ilileta Safari kigari cha Vivio, kile kidogo kabisa chenye injini ya cc 660, ambacho mtu angekifikiria kwa kwenda sokoni. Kimoja alipewa Colin McRae, Mskoti aliyekuja kuwa bingwa wa dunia miaka miwili baadaye. Kingine alipewa Mkenya Patrick Njiru. McRae alikwenda kwa kasi ya ajabu, kigari kikavunjika. Njiru akakifikisha chake mwisho, wa 12 kati ya wote, wa kwanza katika daraja lake. Dhuluma ilikuwa katika kugawa usukani. Ardhi yenyewe haikumbagua aliyeisoma.

Nimesema hoja hii inagusa hata maroboti makubwa, na huenda msomaji ameona nimejitwisha mzigo usiobebeka. Basi tuangalie roboti lilizaliwa wapi. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alianza katuni ya Tetsujin 28-go, kuhusu jitu la chuma linaloongozwa kwa rimoti. Katika hadithi ile jitu halina upande: yeyote anayeshika rimoti ndiye bwana wake, mwema au mwovu. Mwaka 1972 Go Nagai akatoa Mazinger Z na kubadili kila kitu kwa wazo moja. Amesimulia kwamba alikuwa amekwama kwenye foleni ya magari, akatamani gari lingeota mikono na miguu likapita juu ya mengine. Kwa hiyo roboti kubwa la Kijapani, lile ambalo mtu hukaa ndani yake na kuliendesha, lilizaliwa barabarani. Ni gari lililosimama wima. Na mara dereva alipoingia ndani, hadithi ikawa na swali jipya: je, anajua kuendesha? Siku ya kwanza kijana Koji Kabuto anapolipanda Mazinger, hajui, na jitu linabomoa ovyo kama gari la mwanafunzi aliyekanyaga mafuta badala ya breki. Mwaka 1979, katika Gundam ya Yoshiyuki Tomino, Amuro Ray anaingia kwenye mashine ya vita akiwa na kitabu cha maelekezo mkononi. Tofauti kati ya rimoti na usukani ni tofauti ileile tuliyoiona kati ya kiwanda kilicho Ulaya na dereva aliye kwenye tope: nguvu inaweza kutoka mbali, lakini uamuzi unafanyika pale ambapo mwili upo.

Maroboti haya yalisafiri. Grendizer, ndugu yake Mazinger wa mwaka 1975, alitiwa sauti za Kiarabu akawa kipenzi cha kizazi kizima cha watoto wa Kiarabu. Huku kwetu, jibu lililonigusa zaidi lilitoka Nairobi. Mwaka 2011 Andrew Kaggia alitengeneza katuni fupi ya kompyuta iitwayo Wageuzi, ambamo wanasiasa wa Kenya waliokuwa wakiutaka urais wanageuka magari na maroboti, na mbio za kwenda ikulu zinakuwa mbio kweli. Jina lenyewe linatosha kuonesha akili ya kazi ile. Katika Kiswahili kugeuza ni kubadili umbo, na pia ni kupindua maneno uliyosema jana. Kaggia alichukua mashine ya wengine akaiendesha kwenye barabara anayoijua, kwa kusudi analolijua, na kila Mkenya aliyeitazama alijua ni kona ipi inazungumziwa.

Sasa pingamizi la pili, ambalo wazazi wengi wa milimani watalitanguliza mbele ya yote. Gemu na katuni za mbio, watasema, zinafundisha vijana ukichaa. Bodaboda anayeshuka na injini imezimwa ili kuokoa mafuta, abiria wawili nyuma na gunia la viazi mbele, hahitaji mtu wa kumwambia kwamba kasi ni ushujaa. Siwezi kulipuuza hili, maana mteremko hausamehe na makaburi yapo. Hata hivyo, tukizitazama kwa makini, gemu bora za mbio zinafundisha kinyume cha ukichaa. Gran Turismo, iliyotolewa mwaka 1997 na Kazunori Yamauchi na wenzake, ilimtaka mchezaji afanye mitihani ya leseni kabla ya kuruhusiwa kwenye mashindano makubwa, na ilimwanzisha na gari la bei nafuu, mara nyingi lililotumika. Anayechelewa kubana breki kabla ya kona anashindwa, kila mara. Kikombe cha maji cha Takumi ni somo la utulivu. Hatari iko mahali pengine, na nadhani wazazi wanaihisi bila kuitaja: katika gemu hizi barabara haina watu.

Hapa Safari ya zamani inatoa ushahidi ambao gemu ziliutupa. Hadi mwaka 2002 mashindano yale yaliendeshwa kwenye barabara zisizofungwa. Wakati magari ya mbio yakipita, basi la abiria lilikuwa likipita pia, na ng'ombe, na mama mwenye kuni kichwani. Timu kubwa zilirusha helikopta mbele kuangalia nini kimesimama njiani. Ujuzi wa Joginder na Mehta ulikuwa, kwa sehemu isiyo ndogo, ujuzi wa kutarajia watu: kujua kwamba baada ya kona ile kuna kijiji, na saa hiyo watoto wanatoka shule. Ukiitoa sehemu hiyo, umeibakiza barabara kuwa umbo tu, kona na mteremko. Gemu zimefanya hivyo karibu zote. Katika jangwa la Sega Rally kuna wanyama, lakini hakuna mtu anayeishi pale. Initial D yenyewe hupanga mashindano yake usiku, njia ikiwa tupu. Shigeno ana haki ya kufanya hivyo kwa Haruna yake. Lakini mtoto wa Bungu anayejifunza kona kwenye simu ya kaka yake anajifunza kona ambayo hakuna bibi yeyote anayetembea pembezoni mwake, na hicho ndicho kitu kimoja ambacho mlima wake mwenyewe hautampa kamwe.

Wapo waliojaribu kuwarudisha watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Kenya ya Planet Rackus ilitoa gemu ya simu iitwayo Ma3Racer, ya kuendesha matatu mjini. Ilikuwa na michoro ya kawaida sana ukiilinganisha na za Japani, lakini barabara yake ilikuwa na wenyewe. Gari la abiria ni kitu cha mjadala: kuna kondakta, kuna nauli, kuna askari, kuna anayetaka kushuka. Nadhani njia sahihi iko hapo, na inaweza kwenda mbali kuliko ilikofika. Mtu akisema kwamba gemu ya namna hiyo haiwezi kuuzika duniani, na akumbuke kwamba dunia ilikwisha kumpenda kijana anayepeleka tofu.

Fikiria basi kazi inayomngoja mtengenezaji atakayeamua kuijenga barabara ya Bungu ndani ya mashine. Hesabu za tairi kwenye lami zimekwisha kufanywa, na yeyote anaweza kuzitumia. Za udongo mwekundu ataanza mwenyewe, kwa sababu udongo huo baada ya nusu saa ya mvua ni kitu kimoja, baada ya saa mbili ni kingine, na jua likitoka unakuwa na ngozi juu na utelezi ndani. Itabidi aweke ukungu unaoshuka bila taarifa. Itabidi aweke honi, maana kwenye kona ya mlimani honi hupigwa kumwarifu usiyemwona, na dereva mzuri husikiliza jibu kabla ya kuingia. Siku ya gulio itabidi njia ijae kuanzia alfajiri, na mchezaji apunguze mwendo hata kama saa inamkimbiza. Na nyuma, mahali ambapo Takumi alikuwa na kikombe cha maji, yawekwe matenga ya nyanya, yahesabiwe huko chini yanapopokelewa, moja moja, na mnunuzi anayeingiza mkono hadi chini kabisa kuangalia.